Stirling na Bannockburn: anza juu, malizia chini

Wageni ninaowatembeza Stirling, kule Uskoti, wengi huwa na nusu siku tu, na swali lao la kwanza ni lile lile: tuanzie ngomeni au kwenye uwanja wa vita? Ngomeni. Bannockburn iko kilomita tatu na ushee upande wa kusini, mwendo mfupi wa basi, ila ukiifikia kabla ya kupanda mwambani ilipo ngome utaona majani na sanamu tu.

Ukifika juu, usikimbilie vyumba. Simama ukutani utazame chini. Ngome imekaa juu ya mwamba wa volkano wenye magenge pande tatu, na chini yake Mto Forth unajipindapinda kwenye tambarare. Zamani sehemu kubwa ya tambarare hiyo ilikuwa kinamasi, na jeshi lililotaka kwenda kaskazini lilitegemea daraja la hapo chini. Aliyeushika mwamba alishika njia. Kwenye daraja hilo viongozi wa Waskoti, William Wallace na Andrew Moray, waliwapiga Waingereza Septemba 11, 1297. Mwaka 1304 akaja Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, kuizingira ngome. Waliokuwa ndani wakataka kusalimu amri, naye akakataa mpaka kwanza aujaribu Warwolf, mtambo wake mkubwa wa kurushia mawe. Ulikuwa umeshaundwa, na hakutaka kazi ipotee bure!

Kuna jambo linalowapita wengi: majumba unayoyaona humo hayakuwapo siku ya vita vya Bannockburn, mwaka 1314. Robert the Bruce, mfalme wa Waskoti, alipowashinda Waingereza hapo aliamuru ngome ibomolewe, wasije wakaitumia tena. Ukumbi mkubwa wa rangi ya manjano, ambao wengine hudhani umepakwa rangi juzi kwa ajili ya watalii, ni wa James wa Nne, mfalme wa Uskoti, wa miaka ya 1500 mwanzoni. Ulifanyiwa ukarabati na kupakwa upya chokaa ya rangi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Kasri la jirani ni la mwanawe, James wa Tano. Mazuri yote, lakini ukiwa na saa tatu au nne tu, yape saa moja na nusu.

Kisha shuka Bannockburn. Vita hivi vilitokana na ahadi. Ngome ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na mkuu wake, Philip Mowbray, alikubaliana na Edward Bruce, ndugu yake Robert, kwamba wasipokuja kuokolewa kufikia Juni 24, 1314, ataikabidhi. Ikambidi Edward wa Pili, mfalme mpya wa Uingereza, aje, na jeshi kubwa kuliko la Bruce.

Siku ya kwanza, Juni 23, Henry de Bohun, mpiganaji wa Kiingereza, alimwona Robert Bruce juu ya farasi mdogo, akamrukia na mkuki wake mrefu. Bruce akampisha kidogo, akainuka kwenye vikuku vya tandiko, akampasua kichwa kwa shoka. Inasimuliwa kwamba wenzake walipomlaumu kwa kujihatarisha, alichosikitikia ni mpini wa shoka uliovunjika.

Shamba lenyewe la siku ya pili wanahistoria bado wanaligombania, kwa hiyo usihangaike kutafuta jiwe la kusimama juu yake. Tafuta vijito. Waingereza walilala kwenye ardhi ya majimaji, wakabanwa na vijito hivyo, wapanda farasi wakikosa pa kugeukia. Waskoti wakawasogelea kwa makundi yaliyoshikamana, mikuki mirefu mbele kama miiba ya nungunungu. Wapiga mishale wa Kiingereza hawakupata nafasi ya kutosha. Wa nyuma walikuwa na migongo ya wenzao mbele yao.

Kabla ya kupanda basi, geuka uutazame mwamba kule kaskazini. Edward wa Pili alikimbilia huko, akafika, akataka kuingia. Mowbray akamkatalia: ngome ilikuwa inakabidhiwa, na mfalme angekabidhiwa nayo. Edward akazunguka, akakimbia mpaka Dunbar, akapanda merikebu.