Usijiuzulu kwa Kumwogopa Bosi Mpya

Nimeisikia tena wiki iliyopita, mara ya nne tangu mwezi uanze. Kijana wa kampuni kubwa ya teknolojia yenye makao makuu ng'ambo aliketi mbele yangu hapa Mombasa, barua mkononi, ameshaitia sahihi. "Mama, bosi mkuu ametoka, mwingine ameingia, na watu wanapunguzwa. Bora nijiuzulu mwenyewe, niondoke na heshima yangu." Nikaichukua ile barua, nikamwambia tupige hesabu kwanza.

Hakuna dhana inayoniuma kama hii. Mkataba wako umeufunga na kampuni, si na mtu aliyekalia kiti. Wakuu wabadilike hata mara tatu kwa mwaka, miaka yako ya kazi haifutiki. Na nafasi yako ikiondolewa, Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri akuarifu kwa maandishi, amwarifu na afisa wa kazi, akupe notisi ya mwezi 1 au mshahara wa mwezi huo, akulipe siku za likizo ulizobakisha, kisha juu yake malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza.

Mshahara wa msingi wa kijana ni shilingi 80,000, na ametimiza miaka 6. Siku 15 ni kama 40,000. Mara 6, ni 240,000. Barua yake ya mistari mitatu ingezitupa zote, na bado yeye ndiye angedaiwa notisi! Hiyo heshima anayoililia sheria imeshampa: inasema wazi kwamba anayepunguzwa hupoteza kazi bila kosa lake. Basi naomba, ndugu zangu, msiandike barua ya kujiuzulu kwa uvumi wa kwenye makundi ya WhatsApp. Subirini barua yao.

Eti mkuu mpya ndiye huleta panga? Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta, ilitangaza kupunguza watu wapatao 15,000 Agosti 2024, Pat Gelsinger akiwa bado mkuu. Yeye aliondoka Desemba. Meta, wenye Facebook, iliachisha zaidi ya 11,000 Novemba 2022, na mkuu wake Mark Zuckerberg yupo kitini hadi leo.

Wengine huniambia kampuni ya ng'ambo haishtakiki huku. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliikataa hoja hiyohiyo ya Meta, katika kesi ya wakaguzi wa maudhui, yaani wanaochuja machapisho ya Facebook, waliokuwa wakifanya kazi Nairobi.

Na wanaodhani wanaopunguzwa ni wazembe, wasome sheria ileile. Mwajiri hachagui kwa chuki. Anapaswa kupima muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Ila una miaka 3 tu ya kufungua kesi. Wako walionijia mwaka wa nne, na sikuwa na la kuwasaidia.

Jambo moja ninalowasisitizia wote: hati za mshahara. Barua pepe ya kazini hufungwa siku ileile unayoachishwa, na hati zako zote zimo humo. Kijana wangu hakuwa na hata moja nyumbani. Nilimtuma azichapishe zote za miaka 6 jioni hiyohiyo, pamoja na mkataba, kabla hajala.