Kina Otieno Wanaisha ama Wanaongezeka?

Juzi tulikuwa baraza huko Ahero tunaongea mambo ya kuandikisha watoto, mzee mmoja akasimama akaniambia, "Mwalimu, si wewe ni mtu wa takwimu, wajukuu wangu wanaitwa Ryan, Liam na Tiffany, sasa jina langu si litaisha?" Watu wakacheka. Nikamjibu haraka haraka kwa sababu chifu alikuwa anaangalia saa, lakini lile swali lilikuwa zuri kuliko jibu langu, wacha leo nijibu poa.

Kwanza, hii maneno ya jina la ukoo tuliletewa na fomu. Zamani Mjaluo alipewa jina la saa aliyozaliwa, Odhiambo jioni, Otieno usiku, Omondi alfajiri, Onyango asubuhi jua likipanda, Ochieng jua likiwa kali, Okoth mvua ikinyesha, ama akapewa jina la mtu wa familia aliyefariki, halafu ili asichanganywe na wengine wanasema Otieno wuod Okoth, yaani mtoto wa Okoth. Huyo Otieno naye akipata kijana saa sita mchana, huyo ni Ochieng wuod Otieno, na Okoth ameachwa nyuma. Wabukusu pia hivyo hivyo, Wafula ni wa mvua, Wekesa wa mavuno, Wanjala wa njaa. Kwa hivyo ukiita Otieno hapo steji ya Kondele na wakageuka watatu, usidhani ni wa babu mmoja, kilichowaunganisha ni giza tu.

Na kwa huo mpango jina lilikuwa haliwezi kuisha! Hata kina Otieno wote wakose watoto, usiku utaingia na kuna mama mahali atajifungua.

Halafu mkoloni akaleta kodi ya nyumba na kipande, misheni wakaleta ubatizo na rejista ya shule, na karani anataka jina moja lisilohama hama. Majina yakaanza kuganda. Angalia Jaramogi Oginga Odinga, Odinga lilikuwa jina la baba yake, kwa hivyo kwa mpango wa zamani watoto wa Jaramogi wangeitwa wa Oginga, lakini Raila alibaki Odinga na watoto wake wakabaki Odinga. Obama pia ni hivyo, lilikuwa jina la baba wa Hussein Onyango wa Kogelo, yule babu ya Barack Obama, na likafika mpaka White House.

Jina likishaganda sasa linategemea wavulana. Mwaka wa 1874 Waingereza wawili, Francis Galton na Henry Watson, waliandika hesabu ya hii kitu, maanake watu walikuwa wanashangaa mbona majina ya familia kubwa kubwa yanapotea. Hesabu inasema hivi, kama kwa wastani kila mwanaume anaacha mtoto mmoja wa kiume, wengine wawili, wengine hakuna, basi kila laini ya jina mwishowe itakatika, hata kama idadi ya watu kwa wastani haipungui. Si laana, ni bahati ya kurusha shilingi kizazi baada ya kizazi. Barack Obama mwenyewe ana mabinti wawili.

Hapa kwetu shilingi inarushwa mara chache siku hizi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama Mkenya alikuwa anazaa watoto kama 8 kwa wastani, utafiti wa afya wa 2022 ulipata 3.4. Ukizaa 8, uwezekano wa kukosa kijana kabisa ni kama 1 kwa 256, ukizaa 3 ni 1 kwa 8. Fikiria hiyo tofauti kwa boma zote za Nyando.

Wakati majina madogo yanakatika, yale makubwa yanameza. Korea Kusini mtu mmoja kwa watano ni Kim. Japani sheria inalazimisha mume na mke watumie jina moja, na mwaka wa 2024 profesa Hiroshi Yoshida wa Chuo Kikuu cha Tohoku alipiga hesabu kwamba sheria isipobadilika, ikifika 2531 Wajapani wote watakuwa Sato. Mimi naona alikuwa anawachokoza wabunge, lakini hesabu ni hesabu.

Kitu kingine watu huchanganya ni kuongezeka kwa idadi na kuongezeka kwa sehemu. Marekani kina Smith walikuwa 2,376,206 sensa ya 2000, wakafika 2,442,977 mwaka wa 2010. Wameongezeka, sindio? Lakini kwa kila watu 100,000 walishuka kutoka 881 mpaka 828, kwa sababu wengine walizidi mbio, kina Garcia wakipanda kutoka namba 8 mpaka namba 6 kwa orodha ya majina yenye watu wengi. Kwa hivyo mtu akikuambia jina fulani limejaa Kisumu, muulize kwanza, limejaa kati ya wangapi?

Sasa mzee wangu, huyo Ryan hana shida yoyote, hilo ni jina la mbele tu. Chukua cheti chake cha kuzaliwa uangalie jina la mwisho ni la nani. Kama ni lako, litatembea mpaka siku wajukuu wako watazaa wasichana watupu. Kama wameandika la baba yake, basi umeshaachwa nyuma, vile wewe mwenyewe ulimwacha babu yako.