Kabla hujanunua pikapu ya dizeli ya kupandia Njombe

Tangu nilipoanza kushughulika na injini za dizeli huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama pikapu yenye injini ya cc 2,400 inaweza kupandisha tani moja ya mbolea kutoka Makambako hadi Njombe na kurudi na viazi, au mnunuzi ajikaze atafute yenye cc 4,200. Anayeuliza kwa kawaida amekwishajijibu moyoni, kwa sababu amekulia katika zama ambazo injini kubwa ndiyo iliyokuwa na nguvu, na kwa zama hizo hakukosea.

Kinachoipandisha gari mlimani ni nguvu ya msokoto, yaani ule uwezo wa injini kuzungusha shafti yake, ambao madereva wetu huuita mvuto na ambao hupimwa kwa nyutoni-mita. Ukizidisha mvuto huo kwa idadi ya mizunguko kwa dakika, kisha ukagawa kwa 9,549, unapata kilowati. Nguvu farasi zinazoandikwa kwenye matangazo ni kilowati hizo hizo kwa kipimo kingine, isipokuwa kwamba zimepimwa injini ikiwa imekanyagwa karibu na mwisho wake, mahali ambapo dereva wa mizigo mwenye akili timamu hafiki mara nyingi. Mimi hutazama kwanza mvuto, na hasa mvuto huo unapatikana kuanzia mizunguko mingapi.

Tuchukue injini mbili ambazo mafundi wa hapa wanazifahamu vizuri. Injini ya 1HZ, iliyofungwa kwenye Land Cruiser za familia ya 70, zikiwemo zile ambazo wengi huziita mkonga, ina silinda sita na cc 4,164, haina tabo (kifaa cha kushindilia hewa ndani ya injini), na mvuto wake wa juu kabisa ni nyutoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200. Injini ya 2GD, iliyokuja na Hilux ya mwaka 2015, ina silinda nne na cc 2,393 tu, lakini kwa sababu ya tabo na upulizaji wa mafuta kwa shinikizo kubwa hutoa nyutoni-mita 400 kuanzia mizunguko 1,600 katika matoleo yenye gia sita. Kwenye mizunguko 2,000, injini hiyo ndogo hutoa takriban kilowati 84, ilhali ile kubwa haivuki 60.

Tofauti hiyo imepimwa kwenye usawa wa bahari, na Njombe haiko huko. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu, na injini inayovuta hewa bila kusaidiwa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na oksijeni inayoingia kwenye silinda imepungua. Zile kilowati 60 sasa zimekuwa 48 hivi, wakati injini yenye tabo hupoteza kidogo tu, kwa kuwa tabo huishindilia hewa hadi ifikie msongamano unaotakiwa. Tuseme gari pamoja na mzigo wake lina tani 3 na linapanda mwinuko wa asilimia 8, yaani mita 8 kwenda juu kwa kila mita 100 za mbele. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa linahitaji kama kilowati 31 kwenye magurudumu, na kwa kilomita 60 linahitaji karibu 49, bila kuhesabu kinachopotea kwenye giaboksi na difu. Kwa hiyo dereva wa injini isiyo na tabo hana budi kushusha gia na kuifanya injini ipige kelele ili apate nguvu anazozitaka, na kelele hiyo hulipiwa kwenye kituo cha mafuta.

Hapa ndipo nguvu na uchumi wa mafuta vinapokutana, ingawa watu wengi huviona kama maadui. Injini yenye mvuto mkubwa chini hukaa kwenye gia ya juu na huzunguka polepole, hivyo msuguano wa ndani hupungua. Zaidi ya hayo, 1HZ hupuliza mafuta kwanza katika kijichumba kilicho pembeni ya silinda, na kijichumba hicho hupoteza joto ambalo lingesukuma pistoni, wakati injini za kisasa hupuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Sijasema hivi kuidharau 1HZ. Ningekuwa naenda kufanya kazi mahali ambapo dizeli huuzwa kwenye madumu na fundi mwenye kompyuta yuko umbali wa siku mbili, ningeichagua bila kusita, kwa sababu pampu yake ni ya kimakanika na huvumilia mengi.

Injini za kisasa kama 2GD, zinazoitwa za komoni reli, hazivumilii. Mafuta yake husukumwa kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,500 kupitia matundu membamba ya nozeli, na maji kidogo au vumbi laini linatosha kuziharibu. Mteja wangu mmoja alinunua pikapu iliyokuwa ikitumia mafuta kidogo kweli kweli, akawa anaokoa shilingi mia mia kwa kujaza kwenye mapipa ya kando ya barabara, na kabla ya mwaka kuisha alibadilisha nozeli zote nne. Tufanye hesabu: kwa kilomita 30,000, gari la kilomita 10 kwa lita hutumia lita 3,000, na la kilomita 8 kwa lita hutumia lita 3,750. Lita 750 ni fedha nzuri, lakini nozeli nne mpya zinaweza kuimeza faida hiyo yote na kudai nyongeza.

Wanaoagiza pikapu zilizotumika kutoka Uingereza wawe waangalifu zaidi. Matoleo ya miaka ya karibuni yana kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na baadhi yana tangi la maji ya urea ya kusafishia moshi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi gari linapokwenda mwendo mrefu likiwa na joto, hivyo safari fupi fupi za sokoni hukiziba.

Kuhusu giaboksi ya otomatiki na ya mkono sina mengi, kwani za kisasa zimekaribiana sana. Tairi ndizo zinazonisumbua. Mtu hufunga tairi pana na ndefu kwa ajili ya sura, kisha analalamika kwamba gari limekuwa zito. Tairi iliyoongezeka kipenyo kwa asilimia 5 hupunguza msukumo unaofika barabarani kwa kiasi kama hicho, na odometa nayo huanza kuhesabu kilomita pungufu, hata mwenye gari asijue tena ni kiasi gani anachotumia.

Ili ujue, jaza tangi hadi pomoni, anza kuhesabu kilomita, fanya kazi zako za kawaida kwa angalau kilomita 400, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile na ugawe kilomita kwa lita ulizoongeza. Andika pia uzito uliobeba. Pikapu iliyokwenda kilomita 10 kwa lita ikiwa na nusu tani imekufanyia kazi ndogo kuliko ile iliyokwenda kilomita 8 ikiwa na tani nzima, kwa kuwa ya kwanza imesafirisha tani 5 kwa kilomita moja kwa kila lita, na ya pili tani 8.

Muuzaji akikuruhusu kulijaribisha gari, omba lipakiwe mifuko kumi ya saruji na mpande nalo kilima. Ukiwa gia ya nne na mizunguko kama 1,500, kanyaga taratibu. Gari lisilo na kasoro litapokea mzigo na kuongeza mwendo bila kutetemeka. Likisitasita, au likitoa moshi mweusi mzito usiokatika, mwambie muuzaji ukweli huo kabla hamjaanza kuzungumzia bei.