Chipu zilizokwamisha magari 2021 hazikuwa za kisasa
Wengi hudhani viwanda vya magari vilisimama mwaka 2021 kwa kukosa chipu (vipande vidogo vya kielektroniki) za kisasa, au kwamba silikoni, malighafi yake, ilikwisha. Sivyo. Zilizoadimika hasa ni chipu za teknolojia ya zamani, za nanomita 40 na zaidi (kipimo cha udogo wa sehemu zake; namba ndogo ndiyo ya kisasa zaidi), zinazoendesha breki na madirisha. Baadhi yake ni za bei ya chini mno. Mapema 2020 watengenezaji wa magari walifuta oda za chipu, nafasi yao kwenye viwanda vya chipu ikachukuliwa na kompyuta na vifaa vya nyumbani. Waliporudi walikuta foleni, na chipu hupita mamia ya hatua kwa takribani miezi 3. Machi 2021 moto ukaunguza sehemu ya kiwanda cha Naka, nchini Japani, cha Renesas, kampuni inayotengeneza chipu za magari. Kujenga kingine? Huchukua miaka, na faida ya chipu hizo ni kiduchu.