Uzio Peke Yake Hauhifadhi Ardhi

Katika kazi ya kuwashauri wenye ranchi kubwa za Laikipia na Narok, kauli inayonichosha kuliko zote ni hii: "Nimezungusha uzio wa umeme na kuwaondoa ng'ombe wote, kwa hiyo ardhi yangu nimeshaihifadhi." Mwenye kusema hivyo ameifunga ardhi, hajaihifadhi.

Sehemu kubwa ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa, na tembo hufuata maji na malisho kwa msimu bila kujali mpaka ulioandikwa katika hatimiliki. Ranchi ikiziba ushoroba, yaani njia wanayopita wanyama, tembo hao huishia katika mahindi ya majirani, na majirani ndio hulipia uhifadhi wasioulizwa. Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, nyua za ploti moja baada ya nyingine zimeikata njia ya nyumbu. Kinyume chake, tangu mwaka 2011 tembo wa hifadhi ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare huenda Mlima Kenya kwa kupita chini ya barabara ya Nanyuki hadi Meru, katika ushoroba uliowezekana kwa sababu wenye mashamba makubwa walikubali kuipisha njia hiyo. Ol Pejeta, hifadhi ya Laikipia yenye takriban ekari 90,000, ina uzio kwa ajili ya vifaru, lakini kaskazini imeacha mapengo yenye nguzo fupi ambazo tembo huzivuka na kifaru hawezi.

Ol Pejeta hiyohiyo hufuga maelfu ya ng'ombe wa nyama aina ya Boran. Nyasi zisizoliwa huzeeka na kukakamaa, ilhali boma likihamishwa kwa mpango huacha samadi inayootesha nyasi laini, ambazo swala na pundamilia huzifuata kwa miaka mingi; tena ng'ombe wanaoogeshwa dawa hupunguza kupe. Ndiyo maana kila mteja namsihi akae na majirani, achore njia za wanyama na kupanga ratiba ya malisho kabla hajanunua hata roli moja ya waya.

Wengine hudhani mnyama aliye katika ardhi yao ni mali yao. Ni mali ya taifa, na uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Wapo pia wanaoamini kwamba uhifadhi ni wa walowezi tu, ingawa hifadhi zinazopakana na Maasai Mara, kama Naboisho, zimeundwa na mamia ya Wamaasai waliounganisha viwanja vyao na kuvikodisha huku hatimiliki zikibaki mikononi mwao.

Kwa hiyo hofu ya wengine kwamba wakihifadhi watanyang'anywa hatimiliki haina msingi. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu hata masharti ya uhifadhi kufungamanishwa na ardhi yenyewe, yakamfunga na atakayeinunua baadaye, na mzee anayehofia ranchi yake kukatwakatwa baada yake angefaa kulizungumza jambo hilo na wakili mapema, kabla warithi hawajaanza kugawana.