Je, wajua? Fuvu la Mkwawa lilitambuliwaje kati ya mafuvu 2,000?

Katika makumbusho ya Kalenga, karibu na Iringa mjini, kuna fuvu la kichwa ndani ya kasha la kioo. Linajulikana kuwa ni la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na wengi wetu tulisimuliwa habari zake hivi: Wajerumani walimuua, wakamkata kichwa, wakakipeleka kwao, Waingereza waliposhinda vita wakakirudisha. Ni habari fupi inayokumbukika kirahisi, lakini karibu kila hatua yake inahitaji kurekebishwa. Ikirekebishwa, inatusaidia kujibu swali linalozuka kila anapofariki mtu mashuhuri nchini: tunawajibika kumheshimu kwa namna gani, na heshima hiyo inaishia wapi?

Tuanze na kifo. Wajerumani hawakumuua Mkwawa, ingawa walitaka sana. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, jeshi lake liliangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa. Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, lakini Mkwawa akawaponyoka. Kwa karibu miaka minne aliishi kwa kuhamahama porini huku waliompa chakula wakiadhibiwa, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa amebanwa na mgonjwa, alijipiga risasi. Kikosi cha sajini Merkl kilimkuta ameshakufa. Hapo ndipo kichwa kilipokatwa na kupelekwa Iringa kwa kamanda Tom von Prince.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Vitani watu huuana, na kila upande huwa na sababu zake. Kilichofanyika Mlambalasi kilifanyiwa maiti, ambayo haikuwa tishio tena kwa askari yeyote. Tena sheria ya jinai ya Ujerumani ya mwaka 1871, iliyokuwa ikitumika huko kwao wakati huohuo, iliadhibu kwa kifungo mtu anayechukua maiti bila idhini ya wenye haki nayo. Sheria hiyohiyo iliadhibu pia mtu anayechafua kumbukumbu ya marehemu kwa kusema jambo la uongo hali akijua ni uongo. Kwa hiyo wazo kwamba aliyekufa bado ana stahiki zake halikuwa geni kwa maofisa wale. Walilijua, ila walimhesabu Mkwawa kuwa nje yake.

Sehemu ya pili ya habari ile, kwamba Waingereza walishinda na kurudisha fuvu, ina ukweli nusu. Mwaka 1918 Horace Byatt, aliyekuwa akitawala eneo hili kwa niaba ya Uingereza, alipendekeza fuvu lidaiwe. Wahehe walikuwa wamewasaidia Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na yeye aliona kurudishwa kwake kungewaonyesha watu kwamba utawala wa Wajerumani umekwisha kabisa. Ndiyo maana Mkataba wa Versailles wa 1919, ambao ulipanga mipaka na fidia za Ulaya nzima, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la "Sultani Mkwawa" ndani ya miezi 6. Ni jambo la ajabu na la kupendeza kwamba mtu wa Kalenga yumo katika mkataba mmoja na majeshi ya Kaizari. Lakini miezi 6 ilipita, Wajerumani wakasema hawajui liliko, na hakuna kilichorudi. Fuvu liliwasili Tanganyika mwaka 1954, miaka 35 baada ya mkataba. Aliyelifuatilia alikuwa Gavana Edward Twining, na aliyelipokea tarehe 19 Juni alikuwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Sasa, Twining alilijuaje? Mwaka 1953 alifika kwenye makumbusho ya mji wa Bremen, ambako kulikuwa na mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hakuna lililoandikwa jina la Mkwawa. Kilichotumika kuyachuja ni kipimo cha umbo la kichwa: unapima upana, unaugawa kwa urefu wa kutoka paji la uso hadi kisogoni, kisha unazidisha kwa 100. Kichwa chenye upana wa sentimita 13.5 na urefu wa sentimita 19 kinapata 71. Ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai walipimwa, na mafuvu yaliyokaribiana na vipimo vyao yakatengwa. Katika hayo yaliyotengwa, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo likachukuliwa.

Ili kuona nguvu ya njia hii na udhaifu wake, fikiria unamtafuta mtu usiyemjua katika soko kuu la Iringa, na unachojua ni kwamba ndugu zake huvaa kiatu namba 42. Unaweza kuwaondoa haraka wenye namba 38 na wenye namba 45, na msongamano utapungua sana. Lakini waliobaki wote watakuwa wa 42, na namba haitakuambia yupi ni yupi. Zaidi ya hapo, ndugu wa tumbo moja hawavai namba moja siku zote, kwa hiyo huenda unayemtafuta uliishamwondoa mapema. Sasa ukiambiwa kiatu chake kimetoboka na ukamwona mmoja tu mwenye kiatu kilichotoboka, utapata moyo. Bado itabidi ujiulize kama unayemtafuta yumo sokoni siku hiyo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bremen. Kipimo kile kinaondoa vizuri, lakini kinathibitisha vibaya. Mafuvu hayana nyama wala ngozi kama vichwa vya ndugu waliopimwa, kwa hiyo hesabu haziwezi kulingana sawasawa. Vichwa hutofautiana ndani ya ukoo mmoja, na hufanana kati ya watu wasio na undugu wowote. Tundu la risasi linaafikiana na jinsi Mkwawa alivyokufa, lakini miaka ile watu wengi wa nchi hii walikufa kwa risasi. Zaidi ya yote, hakuna rekodi ya wazi inayoonyesha fuvu la Mkwawa likiingia Bremen. Ndiyo maana wanahistoria husema huenda ndilo, na huishia hapo. Twining hakuwa na chombo bora zaidi: muundo wa vinasaba ulielezwa na wanasayansi mwaka huohuo wa 1953.

Je, shaka hiyo inapunguza heshima inayostahili? Kwa maoni yangu haipunguzi hata chembe, kwa sababu mwili wa mtu hauhitaji umaarufu ndipo ustahiwe. Kama fuvu la Kalenga si la Mkwawa, basi ni la binadamu mwingine ambaye watu wake huenda waliomboleza bila kichwa cha kuzika. Na yale 83 mengine ya Afrika Mashariki pale Bremen yalikuwa ya watu vilevile.

Heshima ya jina ni jambo jingine, na hapa ndipo tunapochanganya mambo. Msibani tunasoma wasifu wa marehemu na tunataja mema tu. Ni sawa kabisa, kwa kuwa mbele yetu kuna mjane na watoto. Lakini desturi ya siku za matanga haiwezi kugeuzwa kuwa kanuni ya historia. Mkwawa ni shujaa Iringa. Ukivuka kuingia Mbeya, huko Usangu katika wilaya ya Mbarali, kumbukumbu ina sura nyingine: Wahehe waliwafukuza Wasangu kutoka Utengule, mtawala wao Merere akahamia Usafwa, na Wasangu waliposhirikiana na Wajerumani walikuwa wanatafuta njia ya kurudi nyumbani kwao. Kumkumbusha mtu habari hiyo si kumtukana Mkwawa. Aliyetawala watu na kupigana na majirani ameacha matokeo kwa wote hao, na kila mmoja ana haki ya kuyasimulia, mradi asitunge uongo. Pale Lugalo upo mnara wa Wajerumani waliokufa, na kuwapo kwake hakujawafanya Wahehe wasahau ni nani aliyevamia.

Suala la fuvu lenyewe linaweza kusogezwa mbele. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wakichunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, walitangaza kwamba vinasaba vimewaunganisha baadhi ya waliokufa na ndugu zao walio hai nchini Tanzania, akiwemo mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Ukoo wa Mkwawa upo, kaburi la Mlambalasi lipo, na fuvu liko Kalenga. Kupima au kutopima ni uamuzi wa ukoo wenyewe, kwa sababu sampuli huchukuliwa kwa kukwangua mfupa au kutoboa jino, na hilo nalo ni kumgusa marehemu. Wakikubali, wapewe majibu wao kwanza, kabla ya magazeti na kabla ya makumbusho.