Kanuni za bure si kanuni huru

Juzi rafiki yangu alinionyesha kazi iliyomchukua miezi mitatu: kanuni za mchezo wa vita vya mezani, kurasa thelathini na ushei, amezitafsiri zote kwa Kiswahili. Nikamuuliza kama ana ruhusa ya kuzisambaza. Akanishangaa. "Si ni za bure?" Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara nimenyamaza kwa kuogopa kuonekana mjuaji. Leo sinyamazi.

Maana yenyewe haina makuu. Michezo hii huchezwa kwa vijisanamu vya askari, dadu na utepe wa kupimia, juu ya meza iliyopangwa vilima na vichaka. Kanuni ndizo zinazosema nani atangulie, askari asogee umbali gani, hupigwa vipi na hukimbia lini. Zikitolewa bila malipo, kwa kawaida kama faili la kupakua, zinaitwa kanuni za bure. Hazihusu vijisanamu wala rangi za kuvipakia. Hivyo utavinunua, na ndivyo vinavyokomba mfuko.

Neno "kanuni" halina kosa, ila nalipenda kiasi cha kushindwa kulipita. Tumelipata kwa Waarabu, nao asili yake waliitoa kwa Wagiriki, ambako lilikuwa ufito ulionyooka wa kupimia. Mwandishi H. G. Wells alipochapisha kanuni zake za vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913, mwendo ulipimwa kwa vipande vya uzi: futi mbili kwa wapanda farasi, futi moja kwa askari wa miguu. Yaani mezani neno lilirudi kwenye kazi yake ya kwanza kabisa.

Ugomvi wangu ni wa "bure" na "huru". Bure ni neno la bei. Kitu cha bure ni kile ambacho hukukilipia, au kwa lugha ya vijiweni, umekipata bwerere. Lina na sura ya pili isiyopendeza, ile ya kujisumbua bure au kumwita mtu "mtu bure", na nashuku ndiyo inayowafanya wengine wadhani kanuni zisizouzwa ni makapi. Si kweli; zipo zilizosukwa vizuri kuliko vitabu vya jalada gumu. Huru ni jambo jingine. Limetoka kwenye Kiarabu, likimaanisha mtu asiye mtumwa. Ni neno la hadhi. Mtumwa aliweza kutolewa zawadi, bila yeyote kulipa hata senti, na bado akabaki mtumwa. Wanaozungumza Kiingereza wana udhuru wakijichanganya, maana neno lao moja hubeba maana zote mbili. Sisi tuna mawili, yameachana kabisa, na bado tunayagonganisha.

Mwaka 2015 Games Workshop, kampuni ya Uingereza ya vijisanamu na michezo ya vita vya mezani, walitoa mchezo wa Age of Sigmar, kanuni zake kurasa nne tu, bila malipo. Hizo zilikuwa za bure hasa. Lakini hakimiliki ilibaki kwao, na kupewa nakala hakukumpa mtu haki ya kuzibadilisha na kuzichapisha upya. Sasa tazama upande wa pili, kwa binamu wa michezo hii. Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast walitaka kubadilisha leseni ya tangu mwaka 2000 ambayo watu wengine waliitumia kujengea michezo yao juu ya kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wao wa kuigiza wahusika. Zogo lililozuka liliwarudisha nyuma, na kabla mwezi haujaisha wakaweka waraka wa kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, mojawapo ya leseni zilizoandaliwa tayari ambazo mwenye kazi huzitumia kuwaruhusu wengine waitumie, inayodai jambo moja kubwa: umtaje mwenye kazi. Unaweza kutafsiri, kupunguza, kuongeza, hata kuuza. Hapo ndipo neno huru linapostahili.

Kuna anayeruka hapa na kusema mchezo haumilikiwi na mtu. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri. Katika karne ya kumi na tisa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Baker dhidi ya Selden, iliamua kwamba hakimiliki ya kitabu kinachoeleza mbinu ya kutunza hesabu haimpi mwandishi umiliki wa mbinu yenyewe. Kwa mantiki hiyohiyo, wazo la kurusha dadu na kumpiga adui ukipata nne au zaidi si la mtu. Soma kanuni za mwenzako, zifunge, kisha eleza utaratibu huo kwa maneno yako mwenyewe. Wazo haliibiwi hivyo. Ila maneno aliyoyapanga, michoro na hadithi za majeshi yake ni mali yake, na tafsiri hufuata maneno. Ndiyo maana tafsiri huhitaji ruhusa hata pale ambapo nakala asilia inagawiwa kama njugu. Zipo hata leseni za Creative Commons zinazokuruhusu kugawa kazi ilivyo na kukukataza kusambaza iliyogeuzwa, na kutafsiri ni kugeuza.

Wells, kwa upande wake, hana tena la kukukataza. Alifariki mwaka 1946, na Uingereza ulinzi wa hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo, hivyo tangu 2017 kazi zake huko ni za umma. Anayetaka kuchapisha zile nyuzi zake kwa Kiswahili aendelee.

Basi rafiki yangu, tafsiri yako ni nzuri, hasa pale ulipoandika "kutawanyika" kwa kikosi kilichovunjika moyo. Kwenye utangulizi umesema kanuni hizi ni huru. Futa neno hilo, andika "za bure", kisha mwandikie mwenye kanuni hizo umwombe ruhusa kabla hujazitoa. Anwani yake iko ukurasa wa mwisho, chini ya mstari wa hakimiliki, ule ambao hukuutafsiri.